Walituletea Majivu, Ngoma Wakaiacha Kwao

Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofungua misheni yao Bagamoyo mwaka 1868, mkuu wao, Padri Antoine Horner, alikuwa mtu wa Alsace. Hiyo ni nchi ya mpakani, kati ya Ufaransa na Ujerumani, ambako mpaka leo watu hukaanga maandazi na kutembeza magwaride ya vichekesho kabla ya Kwaresima. Miaka 20 baadaye, 1888, wakafika Wabenediktini wa St. Ottilien kutoka Bavaria, nchi nyingine isiyojua kupitisha Februari bila barakoa na bia. Hawa hawakuwa watu wa kuhadithiwa karnivali. Walizaliwa ndani yake.

Wakatuletea Kwaresima yote kama ilivyo: majivu kwenye paji la uso, Njia ya Msalaba, zambarau altareni, Ijumaa bila nyama, Aleluya kufungiwa hadi Pasaka. Lakini zile siku zinazotangulia majivu huko kwao, siku za kula hadi mkanda ulegezwe, za mwanamume kuvaa gauni na mshona viatu kumsema meya mchana kweupe, hazikupanda meli.

Mimi nimelelewa Tanga, nyumba ya Kikatoliki katikati ya majirani Waislamu. Jumanne ya kuamkia Majivu kwetu ilikuwa Jumanne tu. Kama lilikuwepo tukio, lilikuwa ni kupeleka parokiani yale matawi makavu ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita ili yachomwe, maana majivu hutokana nayo. Karamu ya kabla ya mfungo tuliijua vizuri, ila ilikuwa ya jirani. Siku za mwisho za Shaaban watu walivunja jungu: pilau, matembezi ya ufukweni, muziki hadi usiku mkubwa, na vijana wengine wakimalizia mambo ambayo mwezi unaofuata wasingethubutu kuyagusa. Kisha mwezi ukiandama, mtaa mzima unabadilika sauti.

Ndiyo maana nimeishi na swali hili muda mrefu: kwa nini mfungo wa Kikristo ulifika kwetu bila vunja jungu lake, wakati Brazil, Trinidad, Goa (India) na Luanda (Angola) ulifika nalo? Nimekaa Köln, Ujerumani, miaka kadhaa, mji unaoichukulia karnivali kwa uzito kuliko uchaguzi, na nimesoma kila nilichoweza kupata. Jibu langu ni kwamba karnivali haikuwahi kuwa mali ya mapadri. Husafiri na walei: wakulima, wauza nyama, mabaharia, masetla, watumwa. Kwetu walikuja mapadri.

Tuanzie jikoni, maana huko ndiko iliko mizizi yake. Kwaresima ya Zama za Kati haikuwa hii ya leo ya mtu kuacha soda na kujisikia mtakatifu. Kwa siku 40 Mkristo wa Ulaya Magharibi hakula nyama, na sehemu nyingi hakula pia mayai, maziwa, siagi wala jibini. Samaki ruksa. Sasa iweke sheria hiyo juu ya kalenda ya mkulima wa nchi za baridi. Mifugo huchinjwa Novemba na Desemba, kwa sababu majani yamekwisha na kulisha ng'ombe wote hadi majira ya kuchipua ni hasara. Nyama inatiwa chumvi, mafuta ya nguruwe yanajazwa mitungini. Ikifika Februari, kilichobaki ama kiliwe ama kiharibike. Wakati huohuo mchana unarefuka na kuku wanaanza kutaga tena. Kwa hiyo mama mwenye nyumba ana mafuta, ana mayai, ana maziwa, na ana siku chache tu za kuvitumia. Atafanya nini? Atakaanga.

Ndicho walichofanya Ulaya nzima. Waingereza walimaliza mayai yao kwa chapati za maji, na Jumanne hiyo bado wanaiita kwa jina la chapati. Wapolandi wana Alhamisi yao ya Mafuta, siku ya pączki, maandazi ya mviringo yaliyojazwa jamu. Wajerumani wana yao. Venezia wana frittelle, vidonge vya unga vya kukaanga vilivyonyunyiziwa sukari, ambavyo Mswahili yeyote akiviona ataviita kaimati na kuuliza shira iko wapi. Waswidi wana semla, skonzi iliyojazwa lozi na krimu, ambayo zamani ililiwa ndani ya bakuli la maziwa ya moto. Mfalme wao Adolf Fredrik alikufa tarehe 12 Februari 1771, Jumanne ya kuamkia Majivu, baada ya mlo uliokuwa na kamba, mayai ya samaki, kabichi chachu na shampeni, akamalizia na semla. Kinachonichekesha ni kwamba alikuwa Mlutheri. Kesho yake hakuwa na mfungo wowote wa kujiandalia.

Wenye uwezo, kama kawaida, walikuwa na mlango wa nyuma. Kanisa liliweza kutoa ruhusa ya kula siagi wakati wa Kwaresima kwa aliyetoa sadaka, na mnara mmoja wa kanisa kuu la Rouen, Ufaransa, unaitwa hadi leo Mnara wa Siagi, kwa kuwa inasimuliwa ulijengwa kwa fedha hizo. Maskini hakuwa na ruhusa ya kununua. Alikuwa na Jumanne.

Kuna tarehe mbili ambazo nikiziweka pamoja hunifanya nitabasamu. Mwaka 1091 mtaguso wa Benevento, ukiongozwa na Papa Urban II, uliagiza waamini wote wapakwe majivu Jumatano ya kwanza ya mfungo. Kabla ya hapo majivu yalikuwa hasa ya wadhambi waliokuwa wakitubu hadharani. Miaka mitatu tu baadaye, 1094, hati ya Vitale Falier, Doge (yaani mtawala) wa Venezia, inataja burudani za umma za siku zinazotangulia Kwaresima. Sidai kwamba moja lilizaa jingine. Bila shaka watu walikuwa wakila na kucheza kabla ya hapo. Ila zinaonyesha jinsi mambo haya mawili yalivyokua bega kwa bega. Kadiri mlango wa mfungo ulivyojengwa imara, ndivyo uwanja wa mbele yake ulivyojaa watu. Kufikia 1268 Venezia ilikuwa inatunga sheria ya kuwazuia waliovaa barakoa wasirushe mayai, na mwaka 1296 Seneti ikatangaza siku ya mwisho kabla ya Kwaresima kuwa sikukuu ya umma.

Hapa najua msomaji mmoja ameshainua mkono: mbona tunaambiwa karnivali ni upagani wa Roma uliovishwa kanzu? Hadithi hiyo inapendwa sana. Inapendwa na walokole, kwa kuwa inathibitisha kuwa sherehe ni ya shetani, na inapendwa na wasioamini, kwa kuwa inathibitisha kuwa Kanisa liliiba. Wanataja Saturnalia, sikukuu ya Desemba ambapo mabwana waliwahudumia watumwa wao mezani, na Lupercalia ya 15 Februari, vijana nusu uchi wakikimbia mjini Roma na kuwachapa wanawake kwa mikanda ya ngozi ya mbuzi. Mambo hayo yalikuwepo kweli. Papa Gelasius aliipiga vita Lupercalia mwishoni mwa karne ya 5. Lakini kutoka Gelasius hadi hati ya Venezia ni miaka 600, na mtu anayesema sherehe moja ilitembea kimyakimya karne sita bila kuacha nyayo anatakiwa atuonyeshe alipopita. Kuna wazo ambalo halihitaji safari hiyo yote: watu wakiambiwa kesho hakuna, leo watakula. Hawahitaji kurithi hilo kwa Warumi. Majirani zetu wa Tanga hawakurithi vunja jungu kwa Warumi.

Mchoraji Pieter Bruegel aliliona hili vizuri kuliko wasomi wengi. Picha yake ya mwaka 1559, iliyopo Vienna kwenye jumba la Kunsthistorisches, inaonyesha uwanja wa mji ambapo Karnivali na Kwaresima wanapigana. Karnivali ni mwanamume mnene aliyepanda pipa kama mtu aliyepanda farasi, pai kichwani, mkononi ana mshikaki mrefu wenye kichwa cha nguruwe. Kwaresima ni kiumbe kimekondeana, kimeketi kitini, kinamnyooshea ubao mrefu kama pao la mwokaji mikate wenye samaki wawili wadogo. Kushoto kilabu cha pombe, kulia kanisa. Ukiitazama kwa muda unagundua kwamba hakuna anayeshinda, na kwamba wengi uwanjani hawawatazami kabisa: wanachota maji, wanauza samaki, wanaomba sadaka. Mji unawahitaji wote wawili na una shughuli zake.

Anayetaka ushahidi kwamba mfungo ndio unaoishikilia karnivali, atazame kilichotokea mfungo ulipoondolewa. Zürich, Kwaresima ya mwaka 1522, mchapishaji Christoph Froschauer aliwakatia soseji wafanyakazi wake na wageni. Mhubiri Huldrych Zwingli alikuwepo. Hakula, lakini alisimama mimbarani kuwatetea, na Matengenezo ya Kanisa kule Uswisi yakashika moto kutokana na sahani ile. Nürnberg walikuwa na gwaride maarufu la barakoa lililofungamana na ngoma ya wauza nyama, na ni rahisi kuelewa kwa nini wauza nyama: wao ndio waliokuwa wanakwenda kufunga duka kwa siku 40. Mji ukawa wa Kilutheri. Mwaka 1539 wachezaji wakatengeneza gari la mzaha lililombeba mtu aliyefananishwa na mhubiri Andreas Osiander. Akalalamika. Baraza la mji likafuta gwaride lile kabisa. Kumkejeli padri wa Kikatoliki ilikuwa desturi ya karne nyingi. Kumkejeli mchungaji mpya hakukuwa na siku yake kwenye kalenda. Ndiyo maana Walutheri waliokuja Kilimanjaro na Usambara hawakuwa na la kuleta hata kama wangetaka.

Isipokuwa Basel, na hapo hoja yangu inachechemea kidogo. Basel iligeuka ya Kiprotestanti mwaka 1529, lakini hadi leo, Jumatatu inayofuata Jumatano ya Majivu, saa kumi kamili alfajiri, taa za mji zinazimwa na maelfu ya watu wenye barakoa wanaanza kupiga filimbi na ngoma gizani. Hawafungi, na karnivali yao inaanza Wakatoliki wakiwa wameshafunga. Sababu ni tarehe ya zamani ya mwanzo wa Kwaresima, enzi Jumapili zilipohesabiwa ndani ya zile 40, ambayo wao waliing'ang'ania. Nadhani pia ni ubishi, na ubishi ni moyo wa karnivali.

Sasa sehemu ya dunia kupinduliwa. Wasomi wengi wa karne iliyopita waliisifu karnivali kama siku ambayo mnyonge anakuwa mfalme, kicheko kinamvua mkubwa nguo, na kesho yake kila mtu anarudi mahali pake akiwa amepoa. Ipo kweli ndani yake. Lakini si kila mara watu walipoa. Mji wa Romans, kusini-mashariki mwa Ufaransa, mwaka 1580, mafundi na wakulima walikuwa wamechoka kodi ambazo wakubwa hawakulipa. Kiongozi wao alikuwa fundi wa nguo, Jean Serve, aliyejulikana kama Paumier kwa umahiri wake katika mchezo wa mpira wa kiganja. Karnivali ilipofika, pande zote mbili zikaunda falme zao za mzaha, za kondoo, za sungura, za kware, kila upande na mfalme wake, karamu zake na gwaride lake. Watu wa Paumier walicheza barabarani wakiwa na panga na fagio, na jaji wa mji, Antoine Guérin, aliandika kwamba waliimba kuwa kabla ya siku tatu nyama ya Mkristo itauzwa kwa dinari sita ratili. Ulikuwa mzaha wa karnivali, au tishio? Guérin hakusubiri kujua. Usiku wa Jumatatu, 15 Februari, watu wake wakiwa kwenye barakoa walimuua Paumier, kisha wakawasaka wenzake. Majivu ya Jumatano hiyo yalipakwa kwenye mji wenye damu.

Tena mara nyingi mzaha haukumpanda mkubwa, ulimshukia mnyonge. Roma, Papa Paulo II alihamishia mbio za karnivali kwenye barabara ya katikati ya mji mwaka 1466, na jumba lake lilikuwa mwisho wa barabara hiyo, akaweza kutazama vizuri. Walikimbizwa farasi, punda, nyati, wazee, na Wayahudi. Wayahudi walilazimishwa kukimbia huku umati ukiwazomea, mwaka baada ya mwaka, hadi Papa Klementi IX alipofuta jambo hilo mwaka 1668 na kuwatoza kodi badala yake. Tusijidanganye kuwa ni ya zamani tu. Karnivali ya Aalst, Ubelgiji, iliondolewa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2019 kwa sababu ya vinyago vya kuwadhihaki Wayahudi. Na mimi mwenyewe nimesimama barabarani Ujerumani, mfuko wa pipi mkononi, nikatazama wanaume wazima waliojipaka masizi usoni wakipita wakicheza Uafrika. Jirani yangu pale alinigeukia akacheka, akasubiri nicheke. Sikucheka. Naipenda karnivali, lakini siku hiyo niliona wazi kwamba anayevaa barakoa na anayevaliwa si mtu mmoja.

Turudi kwa mapadri. Kanisa liliishi na karnivali, mapapa wengine hata waliigharimia, lakini kuanzia karne ya 16, baada ya kupigwa na Luther, lilianza kuiona kama aibu ya nyumbani. Wajesuiti wa Italia wakaanzisha mpango wa kuipiku badala ya kuipiga marufuku: siku zilezile za karnivali wakaweka Ibada ya Saa Arobaini, Sakramenti Kuu ikiwa imewekwa wazi altareni, mishumaa mingi, mapambo, muziki mzuri, ili watu wavutwe ndani. Mwaka 1748 Papa Benedikto XIV akatoa rehema kwa walioshiriki ibada hizo siku za karnivali. Padri aliyesoma seminari ya karne ya 19 alifundishwa hivyo: wiki ile ni ya kufidia dhambi za wengine. Huyo ndiye aliyepanda meli kuja Unguja na Bagamoyo. Alikuta ngoma kila upande, ngoma za mavuno, za unyago, za pepo, na alitumia nguvu nyingi kuwaondoa waamini wake humo. Angewezaje kuwafundisha ngoma ya kwao? Hata kama Jumanne jioni alikumbuka maandazi ya mama yake, aliyakumbuka peke yake.

Walei wa Kireno walifanya tofauti. Mchezo wao wa kabla ya Kwaresima, entrudo, ulikuwa wa kihuni: kumwagiana maji, kurushiana unga na vijitufe vya nta vilivyojazwa maji ya manukato, au maji mengine yasiyo ya manukato. Kila walipokwenda kuishi, si kuhubiri tu, waliupeleka. Goa ulifika ukakaa, ukafifia, na baada ya Wareno kuondoka mwaka 1961 ukafufuliwa 1965, Mfalme Momo wake, mfalme wa mzaha wa karnivali, akiongoza gwaride. Luanda ulimezwa na vikundi vya ngoma vya vitongojini, hata serikali ya Agostinho Neto, ya Kimaksi, ikaona bora kuuchukua kuliko kuupinga: mwaka 1978 ikauhamishia 27 Machi, siku ya kukumbuka kuondoka kwa majeshi ya Afrika Kusini, ikauita Karnivali ya Ushindi. Baadaye ulirudi mahali pake kabla ya Majivu.

Brazil entrudo ulipambana na polisi karne nzima. Matajiri wa Rio wakaukimbilia mtindo wa Paris wa dansi za barakoa, na Waafrika na wajukuu wao wakajaza barabara kwa namna yao. Shule ya kwanza ya samba (shule kwa jina tu, ni kikundi cha ngoma), Deixa Falar, ilianza mwaka 1928, na shindano la kwanza la shule hizo likafanyika 1932, likiandaliwa na gazeti la michezo. Miaka michache kabla, mtu aliweza kukamatwa kwa kubeba tari. Mwaka 1984 serikali ikawajengea uwanja maalumu, Sambódromo, uliochorwa na Oscar Niemeyer. Na hapa ipo nyuzi inayotufikia sisi wa Bahari ya Hindi: mwanzoni mwa karne ya 19 maelfu ya watu walisafirishwa utumwani kutoka Quelimane, Msumbiji, kwenda Rio de Janeiro. Leo Quelimane ina karnivali yake, na Wamsumbiji wanauita mji huo Brazil Ndogo.

Lakini mahali ambapo karnivali ilionyesha uwezo wake wote, kwa maoni yangu, ni Trinidad. Mwaka 1783 mfalme wa Hispania aliwakaribisha kisiwani wakulima wa Kikatoliki waje na watumwa wao, na wengi waliokuja walikuwa Wafaransa. Walikuwa na dansi za barakoa kuanzia Krismasi hadi Majivu, na moja ya michezo yao waliyoipenda ilikuwa kujivika matambara ya mtumwa wa shamba na kuigiza cannes brûlées: shamba la miwa linapowaka moto usiku, watumwa wanaswagwa na mienge na viboko kwenda kuokoa miwa. Kwa bwana huo ulikuwa mchezo wa kuigiza. Utumwa ulipokwisha, 1834 kwa maneno na 1838 kwa kweli, walioachwa huru wakaingia barabarani na kuuchukua mchezo uleule. Saa sita usiku, Jumapili ya karnivali, mienge, ngoma, fimbo za kalinda (mchezo wa kupigana kwa fimbo), nyimbo za kuchokozana. Wakawa wanawaigiza mabwana waliokuwa wakiwaigiza wao. Wazungu wakafunga madirisha na kulaani uchafu.

Mwaka 1881 mkuu wa polisi, Kapteni Baker, akaamua kuzima mienge kwa nguvu. Port of Spain ikapigana naye usiku kucha, hadi gavana Freeling akawarudisha polisi kambini na kwenda mwenyewe kuzungumza na umati. Mwaka 1884 ikaja sheria: marufuku ngoma, marufuku mienge, marufuku makundi ya wenye fimbo. Basi watu wakakata mianzi ya urefu mbalimbali na kuigonga chini; sheria haikutaja mianzi. Miaka ya 1930 wakaanza kugonga makopo na vyuma. Wakagundua kwamba bati likibondwa ndani linatoa sauti tofauti kila mahali, na miaka ya 1940 wakaingia kwenye mapipa ya mafuta, ambayo kisiwa chenye visima na kambi ya jeshi la Marekani kilikuwa nayo tele. Pipa likakatwa, likachomwa, likasawazishwa kwa nyundo nota moja moja. Mwaka 1992 likatangazwa ala ya taifa. Kila hatua hapo ilisukumwa na marufuku, na siku ya kulipigia pipa ilikuwa ileile ya kabla ya Majivu, kwa kuwa Wafaransa walikuwa wameiacha wazi kwenye kalenda. Padri wa Trinidad hakuwa na mkono katika lolote kati ya hayo.

Mswahili atauliza: sisi tungekuwa na siku kama hiyo, tungefanya nini nayo? Nadhani tunajua, kwa sababu tulifanya bila siku hiyo. Mwishoni mwa karne ya 19 ngoma ya beni ilianza pwani, Lamu na Mombasa, ikasambaa hadi Tanga, Dar es Salaam na bara: sare za kijeshi, tarumbeta, gwaride, vyeo vya kingi, jenerali na daktari, timu zikishindana kwa nyimbo na karamu hadi kufilisika. Ukitazama Köln kikosi cha Cheche Wekundu, wanaume wenye sare za askari wa kale wa mji, bunduki ya mbao yenye ua, wakicheza kwa kusuguana matako ili kuukejeli ukakamavu wa jeshi, utawatambua ndugu. Na Makunduchi wanapopigana kwa migomba siku ya Mwaka Kogwa, huku wanawake wakiimba maneno ambayo siku nyingine yangevunja ndoa, hitaji la kusema yasiyosemeka linaonekana waziwazi. Kilichokosekana kwetu ni kule kulifunga hitaji hilo kwenye Kwaresima.

Mwaka 1966 Papa Paulo VI alilegeza sheria za mfungo kiasi kwamba Mkatoliki wa leo analazimika kufunga siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na kuacha nyama siku za Ijumaa. Mayai na siagi zilikwisha sahauliwa zamani. Kwa mantiki ya jikoni, karnivali ingekufa. Badala yake imenenepa. Ya Venezia, iliyozimwa baada ya Napoleon kuiangusha jamhuri mwaka 1797, ilifufuliwa 1979 na inajaza hoteli. Ya Köln, inayoonekana ya kale, iliundwa upya na kamati ya waheshimiwa mwaka 1823, chini ya utawala wa Prussia, wakiwa na ajenda, bajeti na mihuri. Nilipomuuliza mama mwenye nyumba wangu wa Köln kama anafunga Kwaresima, alifikiri kidogo akasema anaacha chokoleti, miaka mingine. Lakini Jumanne usiku wa manane alikuwa nje na mtaa mzima wakimchoma Nubbel, mtu wa majani, aliyeshitakiwa mbele ya kilabu kwa fedha zote walizomaliza na mabusu yote waliyotoa bila idhini. Walilia kwa sauti. Kisha wakarudi ndani kunywa.

Huku kwetu vunja jungu bado lina kazi yake ya asili, maana mfungo unaofuata ni mfungo kweli, alfajiri hadi magharibi, mwezi mzima. Na kila mwaka, Shaaban ikielekea ukingoni, masheikh wanapanda mimbari kusema kwamba jambo hilo halina msingi katika dini, kwamba huwezi kumkaribisha mgeni mtukufu kwa ulevi na zinaa, na polisi wanatoa tahadhari kuhusu fukwe na kumbi za starehe. Nikisikia hotuba hizo nawasikia Wajesuiti wa karne ya 16 neno kwa neno. Watu huitikia amina kisha huenda ufukweni.

Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu ni tarehe 18 Februari, na mwezi wa Ramadhani unaandama siku hizohizo. Mwaka 2027 pia zinapishana kwa siku chache tu, kisha mwaka wa mwezi, ulio mfupi kwa siku kama 11, utaisogeza Ramadhani mbali, na itapita zaidi ya miaka 30 kabla hazijakaribiana tena. Kwa mitaa kama ile niliyokulia, yenye msikiti na kanisa umbali wa kutupa jiwe, ni nafasi ya Wakatoliki kujikaribisha kwa jirani bila kuomba ruhusa ya parokia.